Daftari la Sifa za Bi Harusi

Wanangu watatu walinunua gari moja kwa shirika. Mimi ndiye niliyewashauri, kwa hiyo mkitafuta wa kumlaumu msihangaike, nipo hapa na masikio yangu mawili.

Lilikuwa gari la familia, jeupe, milango minne na buti nyuma. Si dogo la kukubanisha magoti na kidevu, wala si kubwa la kuwafanya majirani wakunyime salamu. Tukaliita Bi Harusi. Mwanangu wa kwanza tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu tangu utotoni hawezi kula bila kufungua kikao. Anayemfuata ni binti, ni mwalimu, basi tunamwita Mwalimu tu. Wa mwisho ni Kitinda, yule aliyekuja nilipokuwa nimeshagawa nguo za watoto.

Kila mmoja alikaa nalo wiki moja, kisha anampa mwenzake. Wiki za kwanza zilikuwa vita. Huyu anasema umenirudishia na matope, yule anasema umenichunia mlango. Simu zote zinakuja kwangu. Nami nilitaka gari liwakutanishe, si liwachanganye. Nikanunua daftari la shule la kurasa arobaini na nane, nikaliweka kwenye kidroo cha mbele ya abiria, nikatangaza sheria: kila anayelirudisha gari aandike maoni yake, na atakayeandika ubovu ndiye atakayelipeleka kwa fundi.

Nilijiona mjanja! Malalamiko yalikoma siku ile ile. Kila Jumamosi nikifungua daftari nilikuta sifa tupu. Mwenyekiti: "Liko vizuri. Kiyoyozi kinapuliza kama mlango wa friji." Mwalimu: "Buti limemeza magunia mawili na bado linauliza kuna nini kingine." Kitinda: "Viti ni laini sana. Nimelala humo mvua ikinyesha." Mwaka mzima na zaidi, gari halikuumwa hata mafua. Sikujiuliza. Nani anajiuliza akiletewa sifa?

Siku ninayoisimulia ni asubuhi, saa tatu hivi. Mtoto wa Kitinda alikuwa na wiki sita, anapelekwa zahanati kuchomwa sindano za chanjo. Mume wa Kitinda yuko kazini mbali. Ilikuwa zamu ya Mwenyekiti na gari, Mwalimu alikuwa likizo, nami siachwi nyuma mjukuu wangu anapochomwa. Tukajaa. Mwenyekiti kwenye usukani, Mwalimu pembeni yake, Kitinda nyuma, na mimi nyuma ya kiti cha Mwalimu nimempakata mtoto kwenye blanketi lake la manjano.

Barabara tuliyozoea, ile ya tambarare, ilikuwa imefungwa. Walikuwa wanachimba bomba la maji. Askari akatuelekeza kwa mkono tuzunguke kwa juu, tushuke kwa mteremko. Mteremko ule ni mrefu, una kona tatu, na chini yake kuna njia panda yenye soko upande huu na shule upande ule. Bi Harusi hakuwahi kuteremshwa pale. Sisi ni watu wa tambarare.

Tulipoanza kushuka tulikuwa na raha zetu.

"Mama, unasikia hewa hiyo?" Mwenyekiti anasema. "Gari ni kiyoyozi. Mengine ni mapambo."

"Kiyoyozi ni cha watu wanaotoka jasho bila kufanya kazi," Mwalimu akamjibu. "Gari ni buti."

"Nyie hamjabeba mimba," akasema Kitinda. "Gari ni viti. Mgongo wangu ulipona humu ndani."

"Na wewe mama, unapenda nini?" Mwenyekiti akaniuliza.

"Kile kioo kidogo cha mbele, kwenye kile kifuniko cha kuzuia jua," nikasema. "Nikijitazama humo naona bado ninaposwa."

Wakacheka wote. Nikamwona Mwenyekiti ameacha kucheka kabla ya wenzake.

Mimi nimemzaa yule. Tangu mdogo, akiogopa masikio yake hurudi nyuma kama ya paka. Nilikuwa nayaona kwa nyuma, yamerudi. Kisha goti lake likaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka.

"Unacheza ngoma gani huko chini?" Mwalimu akamuuliza.

"Nazipampu."

"Unapampu nini?"

"Breki. Ndivyo zilivyo hizi. Ukizikanyaga mara mbili zinashika."

"Tangu lini?"

Tuliingia kona ya kwanza kwa kasi ambayo sikuipenda. Bega langu likagonga mlango, nikamkumbatia mtoto. Goti la Mwenyekiti lilipanda na kushuka mara tano, mara sita.

"Kaka," akasema Kitinda polepole, "mbona huzikanyagi?"

"Nazikanyaga! Mguu unafika chini kabisa. Hamna kitu. Kama kukanyaga sifongo."

Nilihisi mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu ya gari, unakanyaga kwa nguvu zake zote, kana kwamba na mimi nimepewa breki yangu. Kila mti uliotupita ulipita haraka kuliko uliotangulia.

"Haiwezekani," akasema Mwalimu, sauti yake nyembamba. "Mimi mwenyewe niliongeza maji."

"Maji wapi?"

"Kwenye kile kikopo kidogo cha breki, pale mbele. Kilikuwa kimepungua. Nikajaza maji. Safi kabisa, ya chupa!"

"Kile ni cha mafuta ya breki!" Mwenyekiti akapiga kelele. "Mafuta! Umeweka maji ya kunywa, breki zina kiu?"

"Na wewe unazipampu miezi mingapi bila kuandika?"

"Ningeandika ningelipeleka mimi kwa fundi!"

"Na mimi je, si ningelipeleka mimi?" Mwalimu akamrudishia.

"Vuta handibreki!" nikasema. Hata mimi wa darasa la saba nilijua ile ipo kwa ajili ya siku kama hii. "Vuteni hiyo!"

Mwalimu akaishika kwa mikono miwili akaivuta. Ikaja juu kwa wepesi, kama kijiko kutoka kwenye uji.

"Haifanyi kazi," akasema Kitinda. Alikuwa ameanza kulia. "Waya ulikatika. Mimi huwa naweka jiwe nyuma ya tairi."

"Jiwe liko wapi?"

"Nimeliacha nyumbani."

Ningekuwa mahali pengine ningecheka mpaka nijikojolee. Pale nilikaribia kufanya hilo la pili bila la kwanza. Kona ya pili ilikuja. Magurudumu yakalia, gari likalalia upande wangu, na nikaona bonde lilivyo chini kwa dirisha langu, mabati ya nyumba yanang'aa. Nikajikunja juu ya mtoto. Niliwaza jambo moja tu, na nililiwaza bila haya: sisi wanne tumekula chumvi, hata Kitinda amekwisha kuonja dunia. Huyu hajaonja hata uji.

Mwalimu alikuwa anatazama mbele ya usukani, pale penye saa za mwendo. Akanyoosha kidole.

"Hii plasta ni ya nani?"

Ilikuwa plasta ya kidonda, kipande kidogo, imebandikwa juu ya kioo. Akaibandua. Chini yake taa nyekundu ya breki ilikuwa inawaka.



"Ni yangu," nikasema.

"Mama?"

"Ilikuwa ikiwaka kila nikikaa mbele. Mngeiona mngeanza tena, ni wewe, si mimi, ni wewe. Nikaiziba. Nilidhani ni taa tu."

Kitinda alinigeukia. Sitawaambia alinitazama vipi. Nina miaka sabini na kitu na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemnyonyesha.

"Mpigie fundi," nikasema. "Mpigie sasa hivi."

Mwalimu aliangusha simu, akaiokota, akapiga, akaiweka sauti ya juu. Ikaita. Ikaita tena. Mimi nilikuwa nahesabu miito kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa.

"Nani mwenzangu?" fundi akaitika. Nyuma yake nyundo zinagonga.

"Ni sisi, wa lile gari jeupe la familia!"

"Lile? Nikajua mmeliuza zamani. Mwaka na zaidi sijaliona."

"Breki hazishiki kabisa!"

"Basi liegesheni, nitakuja jioni."

"Fundi, tunateremka! Tuko mteremkoni, tunakwenda!"

Nyundo zikanyamaza. Nilimsikia akiwaambia watu wake wakae kimya. Aliporudi ilikuwa sauti ya mtu mwingine, ya chini, haina haraka.

"Anaendesha nani? Kaka? Sikiliza, kaka. Usizime injini, ukizima usukani utakuwa mgumu kama jiwe. Gia iko wapi?"

"Kwenye D."

"Ivute chini herufi moja. Moja tu kwanza."

"Hizo za chini sijawahi kuzigusa!"

"Ziguse leo."

Mwenyekiti akavuta. Gari likaunguruma kama limetukanwa, na shingo zetu zikaenda mbele. Lilikuwa kama mtu ametushika shati kwa nyuma. Kasi ikapungua kidogo. Kona ya tatu tukaimaliza tukiwa bado barabarani, na hilo peke yake nililishukuru kwa sauti.

"Sasa ya mwisho kabisa," fundi akasema. "Vuta."

Injini ikapiga yowe. Tukapungua tena, lakini hatukusimama. Na mbele yetu, chini, njia panda ilikuwa wazi yote: akina mama wenye vikapu, mkokoteni wa machungwa unavuka, watoto wa shule wenye sare wakisubiri kando ya barabara wameshikana mikono.

"Piga honi!" Mwalimu akalia.

Honi ikaitika vizuri sana. Ndicho kitu pekee cha gari lile ambacho hakuna aliyewahi kukisahau. Watu wakageuka. Wengine wakatupungia mkono, wakidhani tuna sherehe.

"Kuna ukuta? Kuna mtaro?" fundi anauliza. "Tafuta kitu laini. Kifusi, mchanga, nyasi ndefu. Usigonge mti."

"Kaka, kushoto!" Kitinda alipiga kelele sikioni kwangu. "Kushoto, wanapojenga!"

Palikuwa na nyumba inayojengwa, na mbele yake lundo la mchanga lililofika urefu wa mtu. Mwashi alikuwa juu yake na sepetu. Alitutazama, akatupa sepetu, akaruka kama kijana. Mwenyekiti akakata usukani. Nilifumba macho nikampindua mtoto kifuani, mgongo wangu ukaelekea mbele, nikasema, mgongo huu umeshatumika, uchukue.

Kishindo chake hakikuwa cha chuma. Kilikuwa kama gunia limeangushwa. Halafu mchanga ukamiminika juu ya kioo, shwaa, mpaka ndani kukawa giza la manjano.

"Haloo?" simu ikasema mahali fulani chini ya kiti. "Haloo, mpo?"

"Tupo," Mwenyekiti akasema. Akarudia, "Tupo." Kisha akaweka kichwa chake juu ya usukani, na honi ikalia mpaka Mwalimu alipomwondoa.

Mtoto alikuwa amelala. Alilala tangu nyumbani na alikuwa bado amelala, mdomo wazi.

"Mlete, mama," Kitinda akasema.

Nilitaka kumpa. Mikono haikufunguka. Naapa, niliiambia ifunguke ikakataa. Ilibidi Kitinda anishike kidole kimoja kimoja, akikifungua kama anayefungua fundo la kamba, na muda wote huo hakunitazama usoni.

Mwashi alituvuta nje mmoja mmoja, huku akitukana mchanga wake, akishukuru kwamba tuko hai, kisha akitutukana sisi. Hatukuumia. Mwenyekiti alivimba kifundo cha mguu, basi. Fundi alisema kwenye simu anakuja na gari la kuvuta, na kwamba mtu yeyote asiliguse lile, hata kulipangusa.

Zahanati ilikuwa karibu, tukaenda kwa miguu. Kitinda alitangulia na mtoto wake. Wale wawili wakafuata, hawagombani. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mwalimu alimshika kaka yake mkono wakati wa kuvuka barabara, kama walivyokuwa wakifanya wakienda shule. Mimi nilikuwa wa mwisho. Hakuna aliyegeuka kuniuliza, nami sikuita.

Kwenye benchi nikasema, "Kosa ni langu. Sheria ni yangu na plasta ni yangu."

"Ni letu sote, mama," Mwenyekiti akasema. "Manahodha wengi..."

"Nyamaza," Kitinda akamwambia.

Nesi akaita jina la mtoto. Nilisimama, maana siku zote mimi ndiye ninayeshika wajukuu wakichomwa. Nimewashika watano kabla ya huyu. Nina namna yangu ya kuwashika mguu, hata manesi wanaijua.

"Kaa, mama," Kitinda akasema. "Nitamshika mwenyewe."

Nikakaa. Mlango ukafungwa. Nilikuwa na blanketi la manjano tu, lina mchanga. Nikalikung'uta, nikalikunja, nikalifungua, nikalikunja tena. Mtoto akalia kule ndani, kilio kirefu cha mtu aliyedanganywa, na mwili wangu wote ukataka kunyanyuka. Niliushikilia chini kwa mikono miwili ukingoni mwa benchi.

Walipotoka Kitinda alisimama mbele yetu, macho mekundu. Nafasi zilikuwa mbili, moja kwa Mwalimu na moja kando yangu. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akaja akaketi kwangu, lakini akamhamishia mtoto bega la upande wa pili, mbali na mkono wangu.

Mguu wake mdogo ulitokeza chini ya kwapa la mama yake, una kipande cha pamba. Niliweza kuufikia kwa kunyoosha kidole kimoja. Sikunyoosha. Nilimpa Kitinda blanketi, akalipokea, na nikakaa kimya, kazi ambayo tangu nizaliwe sijawahi kuiweza.