Mito Miwili

Kesho yake kungekuwa na jaribio la msamiati wa Kiingereza, na neno lililomtoa binti jasho mchana ule lilikuwa "mto". Bibi yake, mshona mito, alimsikiliza huku akishindilia sufi kwenye kitambaa.

"Mto wa maji ni river," binti alisema. "Na mto wa kulalia ni... ni..." Akatazama dari. "Ni river pia."

"Umekosea."

"Bibi, wewe Kiingereza umekijulia wapi?"

"Sikijui. Lakini anayejua hatafuti jibu darini. Jilaze kidogo, mjukuu wangu, kichwa kimechoka."

Akajilaza juu ya mto uliokuwa umetoka kushonwa. Usingizi ukamchukua taratibu, akajiona anaelea juu ya maji mapana yasiyo na haraka, kichwa chake kimeegemea kitu laini kisichozama. Aliyaita maji yale "river", yakaitika. Akakipapasa kile kitu laini, na jina lake likamjia lenyewe.

"Pillow!" alitamka, macho bado yamefumbwa.

Bibi akaweka sindano chini. "Hilo sasa ndilo. Amka uliandike, lisije likakukimbia."

Binti akaliandika huku akitabasamu, sufi imemjaa kwenye nywele.