Shavu Lililonyamaza

Kach, kach. Giza lilikuwa limeingia na kibatari hakijawashwa, lakini Syprose alijua ni nani anatafuna mahindi ya kukaanga jikoni. Akatabasamu. Sauti hiyo ilikuwa imehama nyumba yao ya Busia kwa miaka.

Miaka hiyo mama mkwe wake, Benedeta, alikuwa na maumivu ya moto usoni. Upepo ukimgusa shavu la kushoto, alijikunja kama aliyemwagiwa maji ya moto. Chakula chake kilikuwa uji. Mwaka mmoja baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, daktari wa Tororo akamdunga sindano ya kuulaza mshipa wa fahamu. Akarudi anacheka, shavu limekufa ganzi.

"Alikukataza vitu vigumu, mama," Syprose alimkumbusha.

"Alinikataza akiwa ameshiba."

Siku tamu zile. Mpakani palikuwa na gogo moja tu la kuzibia njia na askari wa kusinzia. Ukivuka kununua chumvi, alikuuliza hali ya watoto. Jioni Syprose alikwenda kisomo cha watu wazima kanisani, chini ya taa ya karabai, na binti yake Awor akabaki na nyanya yake. Benedeta alimtafunia nyama, akamtilia kinywani, kama alivyowalea wanawe wote.

Jioni moja Awor akaitema. Syprose akasogeza taa: nyama ilikuwa na damu.

"Mama, hebu fungua mdomo."

Jino la kushoto lilikuwa limepasuka. Ufizi ulikuwa umeoza, na chini yake mfupa wa taya ulichungulia.

"Huumwi?"

"Niumwe na nini? Mimi nilishapona."

"Mwalimu alitufundisha, mama. Mshipa ule ndio mpiga yowe wa mwili. Umelala, na mwizi yuko ndani, anakula mfupa."

"Mwache huyo mpiga yowe alale. Wewe umesoma jioni. Mimi nimeumwa mchana na usiku." Benedeta akashika shavu lake kwa kiganja, taratibu, kama anayefunika mtoto. "Nikirudi Tororo, wataniamshia moto wangu."

Syprose aliyakumbuka machozi yaliyokuwa yakimdondoka mama mkwe juu ya bakuli la uji.

"Labda huo moto utaamka, mama. Siwezi kukudanganya. Lakini taya likivunjika, hata huo uji utaunywaje?"

Mama mkwe akaguna. "Kisomo hicho kimekuotesha mdomo."

Asubuhi akajifunga kitenge cha safari mwenyewe.

Tororo walimng'oa jino, wakakwangua mfupa uliooza, wakamchoma sindano za penisilini hata akasema matako yake sasa ni chujio. Taya lilibaki. Lakini daktari hakuficha neno: ganzi itaisha, na yale maumivu ya zamani yanaweza kurudi.

Ikapita miezi. Mtama ulipokuwa unaanikwa uani, Awor alipanda mapajani mwa nyanya yake, akamfinya shavu la kushoto. Benedeta akafumba macho. Syprose akaacha ungo, akangoja kilio.

Hakikuja. Benedeta aliukamata mkono ule mdogo, akaushikilia palepale.

"Polepole, mjukuu wangu. Kucha zako kali, sasa nazisikia," akasema, na sauti yake ilikuwa na kicheko.

Awor akamgeukia mama yake.

"Nyanya anaumwa hapa kidogo."