Kichaka cha Dirisha la Jikoni

Kikundi chetu kina sheria moja: hakuna anayeng'oa magugu kwenye kiwanja chake. Unang'oa kwa jirani, jirani anang'oa kwako, na kando ya barabara tunaingia wote pamoja na vibarua wa halmashauri. Bwana shamba aliitunga baada ya kuona watu walio wakali kwa wenzao, wakifika kwao wenyewe wanaingiwa na huruma. Gugu lenyewe lina maua mazuri ya zambarau. Sisi wenyewe tulilileta mtaani, kwenye makopo ya maua. Mbegu zake huruka na upepo. Kikibaki kichaka kimoja, mwakani tunaanza upya.

Kwangu kilikuwa kimoja tu, chini ya dirisha la jikoni. Alikipanda binti yangu. Tangu tumzike sijalia wala kucheka, na chakula nakula kwa kuwa kimewekwa mezani. Wanasema nina moyo wa chuma. Waache waseme.

Asubuhi ya zamu yangu nilimkabidhi mwenyekiti wetu, fundi cherehani, ufunguo wa geti.

"Dada, una hakika?"

"Ng'oeni. Mimi nipo kwa muuza mkaa."

Nilishinda huko nikichimba. Hata mgongo haukuniuma.

"Mama, pumzika," muuza mkaa akanitania, "utaning'olea na nyumba."

Niliporudi, uwanja ulikuwa umefagiwa. Kichaka kilikuwa palepale. Walikuwa wamekimwagia na maji.

Fundi cherehani alinisubiri mlangoni, macho chini. "Tumeshindwa, dada. Kila aliyeshika jembe alimkumbuka mtoto. Tumekubaliana hicho tukiache. Bwana shamba hataambiwa."

Nilikasirika. Niliwapa kazi nisiyoiweza, nao wamenirudishia, eti huruma! Na maua yalishakauka, mbegu zilikuwa zinangoja upepo tu.

Nikakivika kichaka gunia, mbegu zisiruke, nikashika jembe. Udongo ulikuwa umelainika kwa maji yao. Kilitoka kizima, bila ubishi.

Kati ya mizizi kulikuwa na kijiko changu cha chai. Binti yangu alikitumia kuchimbia, akakifukia humohumo. Tulikitafuta nyumba nzima, naye akitusaidia, akiinama hadi chini ya makochi, uso mkavu kabisa.

Nikacheka. Fundi cherehani akanikumbatia, akidhani nalia. Nilipotaka kumwambia ninacheka, bega la gauni lake lilikuwa limeshalowa.