Sura ya Mwanafatuma

Hafswa alikuwa mpambaji, tena wa kutafutwa. Bibi harusi wa Msambweni asiyepambwa na Hafswa alihesabiwa kuwa ameolewa kwa dharura. Siku za kazi alikuwa saluni huko Galu, akiwatengeneza wageni wa hoteli kucha na nyusi. Mwisho wa wiki ulikuwa wa harusi. Mikono yake ilikuwa na sifa, na vidole vyake kwenye simu vilikuwa na sifa nyingine, ila hiyo Msambweni hakuna aliyejua kuwa ni yake. Huko mtandaoni alijiita Kipusa wa Galu, na kazi yake ilikuwa kuwapima watu sura.

Ilianza kama mzaha na Jemima, mwenzake wa saluni aliyetoka bara. Jemima ndiye aliyemfundisha maneno. Huyu ana sura ya babake, yule amebebwa na filta, na asiyetazamika kabisa, sura yake ni "personal", yaani ni mambo yake binafsi, asituoneshe. Hafswa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akampita mwalimu wake. Miezi mitatu nyuma aliona video ya msichana muuza viazi karai akicheka kwa meno yote mbele ya mafuta yake. Akaandika: "Hiyo sura ni personal. Angeiacha nyumbani." Watu elfu mbili walimpa laiki. Usiku huo alilala akitabasamu, mpuuzi yule.

Kwamba msichana wa kwenye video alikuwa mtu, mwenye kwao na jina lake, Hafswa hakulifikiria hata kidogo. Hadi jana, alipokwenda kumpaka hina bibi harusi mmoja nyuma ya barabara ya hospitali. Bibi harusi akavua nikabu, na paji lile lile, mashavu yale yale, yakawa mbele yake. Jina lake Mwanafatuma. Hafswa alimchora maua kutoka viganjani hadi viwikoni bila kuinua macho, na wenyeji wakamsifu kwa haya zake.

Leo ilikuwa siku ya kupamba. Baada ya alasiri wanawake walianza kuingia, na mlangoni alikaa Bi Subira, somo aliyemfunda bibi harusi, na kikapu mapajani. Ndani watu huvua mabuibui na kuachia nywele, kwa hiyo simu zote huwekwa kikapuni. Simu mbili tu ndizo zilizoruhusiwa: ya bibi harusi, na ya Hafswa iliyokuwa na picha za mitindo.

"Shikamoo, Bi Subira."

"Marahaba, mwanangu. Ingia nayo hiyo, lakini ukipiga picha n'takukata vidole." Akamwachia mtu kikapu, akamfuata chumbani.

Mwanafatuma alikuwa ameketi kitandani, simu mkononi. "Dada Hafswa," alisema, "nipake mpaka nisijulikane."

"Kwani una nini? U mzuri wewe." Sauti ilimtoka Hafswa nyembamba.

"Mwambie wewe, mimi nimeshindwa," alisema Bi Subira. "Ati hataki kufunuliwa! Ati akae kitini na mtandio usoni mpaka watu watoke! Bibi harusi hufunuliwa, wanawake wakamuona, wakampigia vigelegele. Mawifi zake wametoka Majoreni tangu asubuhi. Watasema tunawaficha kitu."

"Watoto huniita Personal," alisema Mwanafatuma. "Wateja walikuwa wakija kunipiga picha, si kununua viazi. Hii nikabu sikuivaa kwa dini, Mungu anisamehe. Naionea haya sura yangu. Na aliyeanza ni mtu mmoja. Neno lake nalisoma kila asubuhi kabla sijateleka mafuta. Leo nimelisoma na chai, na nimelisoma tena sasa hivi mlipokuwa mkiamkiana mlangoni. Ngoja nikuonyeshe, Bi Subira, ujue kwa nini."

Akaanza kulitafuta. Hafswa aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Alitaka kusema. Wallahi alitaka, maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini akaliona jina lake likipita nyumba kwa nyumba, akaona milango ya harusi ikifungwa, akayameza.

"Samahani, naenda msalani mara moja," alisema.

Alitia komeo, akachutama kando ya ndoo, akafungua simu na kulifuta lile neno. Mara moja tu, likatoweka. Akapumua. Akanawa uso, na roho yake ikamwambia kuwa ametenda jambo jema, kwa maana roho ya mtu mwoga hairidhishwi kwa shida.

Aliporudi, Mwanafatuma alikuwa akipandisha na kushusha kidole juu ya kioo. "Halipo," alisema. "Lilikuwapo, sasa halipo."

"Basi huyo mtu Mungu amemtia imani," alisema Bi Subira.

Mwanafatuma alihesabu moyoni waliomsikia akilitaja. Alitazama mlangoni, ambapo kikapu kilikuwa kimejaa simu za nyumba nzima. Kisha akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwa Hafswa, yenye matone ya maji. Hafswa hakuulizwa kitu, na hilo ndilo lililommaliza. Angeulizwa angekana, uongo alikuwa nao tayari. Macho yakamwanguka sakafuni yenyewe.



"Sitaki kupakwa," alisema Mwanafatuma. "Wanja tu. Na nitafunuliwa, Bi Subira. Lakini anifunue huyu."

Basi Hafswa alimpaka wanja. Kisha wakatoka naye ukumbini. Mwanafatuma akaketishwa kwenye kiti kilichopambwa asumini, mtandio wa kijani usoni. Hafswa akaushika kwa ncha mbili, akauinua.

Ilikuwa sura ile ile, haina poda wala rangi, ina wanja tu. Vigelegele vikalipuka, mawifi wa Majoreni mbele kabisa. Mwanafatuma hakuwatazama. Alimtazama Hafswa.

"Sema," alinong'ona.

"Nisamehe."

"Sikusikia. Lile lilisomwa na watu elfu mbili."

Vigelegele vilipungua. Wanawake wakaanza kushangaa mbona mpambaji amesimama pale na mtandio mkononi. Bi Subira akamwambia apishe, watu wanataka kuona. Hafswa hakupisha. Akawageukia.

"Kipusa wa Galu ni mimi," alisema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi, maana ya kwanza haikufika nyuma: "Lile neno la sura yake niliandika mimi."

Wazee hawakuelewa, wakaulizana. Wasichana walielewa wote, na hakuna aliyecheka. Wifi mdogo kuliko wote alimkodolea macho Hafswa kuanzia paji hadi kidevu, taratibu, bila kuficha. Hafswa aliona uso unamuwaka, akajikuta anauinua ule mtandio ajifunike.

Mwanafatuma akamnyang'anya, akaukalia.