Springi Iliyopakwa Rangi

"Kumi na tisa," alisema Robo, akaishusha nondo polepole mpaka ikaelekea sakafuni. Akachomeka nondo ya pili kwenye tundu la juu, akaikamata barabara, ndipo akaichomoa ile ya kwanza. "Ishirini."

"Kumbe springi mnaifungua kwa hesabu," alisema baba mkwe wake kutoka chini, mikono yote miwili ikiwa imeshika ngazi.

"Kwa hesabu, baba. Robo mzunguko, halafu robo nyingine. Ukiiachia kabla haijaisha, hiyo nondo inageuka panga."

"Basi hesabu vizuri. Kichwa changu nimekizoea."

Kwa sababu ya hesabu hiyo mtaa mzima ulimwita Robo. Alikuwa fundi wa milango ya gereji, ile inayopanda kwa mapande kwenye reli na kulala darini. Juu ya mlango hupita bomba la chuma, na bomba huvishwa springi mbili nene kama mkono wa mtu mzima. Hizo ndizo zinazobeba uzito. Zikiwa nzima, hata bibi kizee anaupandisha mlango huku anapiga soga. Zikifa, mlango unakuwa ukuta.

Siku nne zilizopita, springi ya kushoto ya mlango wa nyumbani kwake ilikatika. Sasa ilining'inia bombani vipande viwili. Ile ya kulia ilikuwa nzima bado, na hasira zake zote, na ndiyo aliyokuwa akiipunguza robo kwa robo. Zote mbili zilikuwa zishuke. Mpya zilikuwa sakafuni, zimelala kwenye makaratasi yake.

Gereji hiyo haikuwahi kuona gari. Ilikuwa karakana ya mkewe ya kushona: vyerehani viwili, meza ya kukatia, na sare za shule zilizokatwa zikarundikwa kwa saizi. Baba yake, fundi cherehani wa siku nyingi, ndiye aliyemfundisha kazi tangu miguu yake haijafika kwenye pedali. Mkewe alikuwa akiupandisha mlango springi ilipolia kama bunduki. Mlango ukamrudia. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vikabanwa chini. Sasa viko kwenye plasta, na mzee amefunga safari kuja kumalizia sare za watu.

Kutoka upande wa pili wa barabara, fundi viatu alipaza sauti. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini sauti yake haikujua milango.

"Robo! Unatengeneza milango ya matajiri, wa kwako unakula watu!"

"Shona viatu wewe!"

"Nashona! Nikimaliza nikuletee, uvae ukimbie shemeji zako!"

Mzee alicheka. Robo alirudisha macho kwenye nondo. Maana alijua jambo ambalo fundi viatu hakulijua, wala mzee, wala mkewe.

Springi zile hazikuwa mpya hata siku alipozifunga. Alikuwa amezitoa kwenye nyumba ya daktari wa meno, na alizitoa kwa sababu zilikuwa zimechoka. Yeye mwenyewe alimweleza daktari, kwa madaha ya mtu anayeijua kazi yake: "Springi haizeeki kwa miaka, inazeeka kwa kufunguliwa. Kila ukipandisha mlango, inatoa pumzi moja. Pumzi zikiisha, inakatika." Wakati huo mkewe alikuwa ameshatangaza siku ya kufungua karakana, na springi mpya zilikuwa njiani, wiki mbili bado. Naye Robo alikuwa ameshajigamba mbele ya wakwe kwamba siku hiyo mlango utapanda kwa kidole. Hakutaka kurudisha maneno. Akazibeba zile kuukuu kwenye gunia, akazisugua kwa brashi ya waya, akazipaka rangi ya fedha, akazifunga. Mkewe akapiga makofi. "Mpya hizi?" akauliza. "Mpya kabisa," akajibu.

Na hata hilo lingevumilika. Lakini wiki mbili zilipita, springi mpya zikafika, akaziuza kwa mteja mwingine. Alikuwa amezoea kuziona zile za fedha pale juu, zikapendeza, akausadiki uongo wake mwenyewe.

Lililomchoma zaidi ni la hospitali. Nesi alikuwa akimfunga mkewe, akauliza imekuwaje. Kabla mkewe hajafungua mdomo, Robo alidakia: "Si nilimwambia asiinue kwa mkono mmoja? Hasikii huyu." Mkewe akainama. Tangu hapo akawa anawaambia wote wanaokuja kumpa pole: kosa langu, nilikuwa na haraka.

"Thelathini," alisema Robo. Springi ikalegea, bomba likatoa mlio mdogo. Akafungua skrubu, akateremsha vipande vyote sakafuni, akajifuta jasho.

Mzee aliachia ngazi. Akainama, akaokota kipande cha ile iliyokatika, akakipeleka chini ya taa ya cherehani. Akavaa miwani yake. Miaka arobaini ya kutafuta uzi uliokatika ilimfanya asiangalie kitu ovyoovyo. Akaukwaruza waya kwa ukucha wa dole gumba, ule mrefu aliouachia kwa kufumulia. Ganda la fedha likabanduka. Chini yake kahawia.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Hapa pamekatika, mbona katikati panang'aa na pembeni pana kutu?"

Robo alikuwa akikusanya nondo ambazo hazikuhitaji kukusanywa. "Pembeni palianza kupasuka zamani. Katikati ni pa majuzi."

"Zamani ya lini? Karakana ina miezi mitano."

Robo aliinama kuokota nondo nyingine.

Mzee alivua miwani, akaikunja. "Mimi nimegeuza kola nyingi. Kola ikiliwa na shingo, unaifumua, unaigeuza, unaishona tena. Shati linarudi jipya. Si dhambi, ni ufundi. Lakini mwenye shati anajua kwamba kola imegeuzwa." Akakiweka kile kipande mezani, kati ya sare. "Mwanangu anajua?"

"Hapana, baba."

"Asubuhi ameniomba msamaha." Sauti ya mzee haikupanda. Afadhali ingepanda. "Ameshika goti langu, anasema baba nisamehe, mkono ulioufundisha wewe nimeuharibu kwa uzembe wangu. Nikamwambia ajali haina mwenyewe." Akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza tangu aokote kile chuma. "Nilisema vile kwa kuwa sikujua."

"Baba, mimi..."

"Usiniambie mimi. Mimi mkono wangu mzima."

Akapita mlango wa ndani kwenda kunywa chai. Ngazi ikabaki bila mshikaji.

Robo alizivisha springi mpya bombani, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, akafunga vyuma, akaanza kuzikaza. Robo moja. Mbili. Tatu. Kila robo iliongeza uzito mikononi, na kila uzito ulimletea neno la kumwambia mkewe, na kila neno lilikuwa na kisingizio kimejificha ndani yake. Nilikuwa na haraka. Nilitaka ufurahi. Nilisahau. Akafika kumi na sita, akachomeka nondo juujuu, haikuzama tunduni. Ikateleza. Ngazi ikayumba. Akaikamata nondo ya pili kwa mikono miwili, kifua kimekandamizwa ukutani, moyo unapiga kama mtu anayebisha hodi kwa fujo. Ilimpitia akilini kwamba angeumia hapo, watu wangempa pole na yeye, na hayo mengine yangefunikwa. Akaona haya hata kwa wazo hilo. Akaizamisha nondo mpaka mwisho. Kumi na saba.

Alipomaliza, alishuka, akaupandisha mlango kwa mkono mmoja mpaka usawa wa kiuno, akauachia. Ndivyo fundi anavyopima: springi zikiwa sawa, mlango hausimamiwi na mtu, unabaki pale ulipoachwa. Ukabaki. Jua la saa nne likaingia kwa chini, likafika kwenye pedali za vyerehani.

Miguu miwili ikaja upande wa nje, kandambili za bluu, pindo la kanga. Mkewe alikuwa amezunguka kwa mlango wa mbele.

"Fundi," alisema, na kicheko kidogo ndani ya sauti, "naruhusiwa kuingia, au bado kuna hesabu?"

"Simama hapo hapo kwanza."

"Kuna hatari?"

"Hapana. Simama tu." Robo hakuuona uso wa mkewe, aliiona miguu tu, akasema na miguu. "Springi zile hazikuwa mpya. Nilizitoa kwenye nyumba ya daktari wa meno, zimechoka. Nilijua zimechoka. Nikazipaka rangi."

Ng'ambo ya barabara nyundo ya fundi viatu ilikuwa ikigonga soli.

"Sema tena," alisema mkewe.

Akasema tena. Safari hii aliongeza, "Zingekatika hata ungeinua kwa mikono kumi."

"Na pale hospitali ulisemaje?"

"Unajua nilivyosema."

"Najua. Nataka nikusikie wewe."

"Nilimwambia nesi kwamba husikii. Kwamba kosa ni la mkono wako."

"Na mimi nikamwambia baba yangu." Kicheko kilikuwa kimeisha sautini. "Nikamshika goti, Robo."

Jina la utani. Tangu waoane hakuwahi kumwita hivyo.

Robo alisubiri. Mguu mmoja uligeuka, ukaelekea barabarani. Wa pili ulibaki palepale, vidole vikimtazama. Kati yao mlango ulining'inia usawa wa kiuno, mwepesi, umetulia. Ungepanda kwa kidole kimoja, naye angeuona uso wake. Robo aliiacha mikono yake chini.