Mstari Usioguswa

Mwalimu wa hesabu alikuwa katikati ya bunda lake la mitihani alipoona kwamba mwongozo wa majibu una kosa. Swali lilitaka asimptoti mlalo, yaani mstari ambao mchoro unaukaribia kadiri x inavyozidi kukua. Kanuni ya mchoro ilikuwa sehemu: juu 3x² + 5x, chini x² + 1. Vipeo vikubwa vinalingana, basi unagawanya tatu kwa moja: mstari ni y = 3. Hapo hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa kipengele cha pili: je, mchoro unaukata mstari huo? Mwongozo ulisema haukati kamwe.

Mkuu wa usahihishaji alikuwa shemeji yake, kaka wa mumewe. Mwalimu alimfuata mezani, akamweleza kwa upole kwamba mchoro unaukata pale x inapokuwa tatu juu ya tano. Shemeji hata hakuinua macho. Alimjibu kuwa asimptoti haiguswi, hilo kila mtoto analijua, na ubishi wa nyumbani aubakize nyumbani.

Neno hilo ndilo lililomchoma. Alichukua chaki, akaenda ubaoni mbele ya wasahihishaji wote, akaweka hiyo tatu juu ya tano mahali pa x, akakokotoa hatua kwa hatua. Jibu likatoka tatu kamili.

"Shemeji," akasema, "waliofikiri tunawanyima alama, waliokariri tunawapa. Mkono wangu hautaweka alama ya kosa pale walipopatia."

"Basi mkono wako upumzike."

Wenzake wakainamia karatasi kama hawakusikia. Bunda lake wakagawiwa wengine, naye akaondoka huku amekunja uso.

Jioni msahihishaji mmoja alimpigia simu. Mwongozo umebadilishwa, karatasi zote zinarudiwa. Mkuu ametangaza kwamba amebaini kosa la uchapaji.

Mumewe alicheka. Alisema la msingi watoto wamepata haki yao, na kaka yake tangu utotoni hakosei, hukosewa na vitu. Mkewe hakucheka.

Jumapili shemeji akaja kuwasalimia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu akamwekea kiti, akampa maji, maana mgeni ni mgeni.

"Karibu, shemeji. Utakula, utashiba. Lakini kosa lile lina mwenyewe, na nitamtaja kila ukikaa hapa."

Shemeji alikunywa maji yote bila kupumzika, akauliza ndugu yake yuko wapi.