Kokoto za Barabara ya Bandarini

Casimir alifunga kamba kwenye kigingi cha mwisho, akapiga hesabu: urefu mara upana mara unene. Akaongeza kidogo kwa ajili ya kokoto zitakazozama kwenye udongo laini. Yeye ndiye aliyesimamia barabara mpya ya bandarini, kiangazi cha 1962, Kalemie ilipokuwa bado ikiitwa Albertville. Barabara nyingi za mji zilipita mkononi mwake, na hakuwahi kupungukiwa.

Kamyo zikamwaga kokoto, vibarua wakazitandaza. Asubuhi yake, pale barabara inapokaribia reli, udongo ulikuwa mtupu. Casimir akasema ni tope, akaagiza nyingine. Nazo zikatoweka.

Jioni akabaki pale, amekaa juu ya pipa. Jua lilipozama nyuma ya vilima, wanaume wakatoka ardhini na makarai, wakaanza kuzoa kokoto. Walikuwa vibarua wa mkandarasi mmoja. Kilima kiliwaangukia wakichimba, wakati wa vita vya Hitler, wakaachwa humohumo. Casimir aliwasalimu, wakaitika.

"Papa, mawe yangu munapeleka wapi?"

"Kwetu," alijibu mmoja mwenye kofia iliyochanika. "Hatukupata kaburi. Kila muntu anajijengea lake."

"Sasa mungeniambia mbele ya kuchukua."

"Tulisikia haya kuomba. Tuko wengi."

Kesho yake Casimir aliwasimulia wanawake wanaogonga kokoto. Mama Pélagie akaweka nyundo chini.

"Mwenye kofia ya kuchanika, huyo njo bwana yangu, Kalenga," alisema. "Niliambiwa alitoroka kazi. Nikachoma nguo zake. Papa Casimir, wambie wakubwa barabara ipite kandokando, pale wawekewe musalaba."

Casimir alipeleka maneno hayo kwa enjinia, Bwana Hippolyte, aliyekuwa akila samaki.

"Mkuu wa jimbo anakuja kuifungua," alisema enjinia. "Barabara haipindi. Waulize wanataka kiasi gani, uagize."

Basi jioni Casimir akarudi na kamba yake. Kalenga akavua kofia, akajilaza chini ili apimwe. Urefu, upana, unene. Wengine wakapanga mstari nyuma yake, wafupi mbele, warefu nyuma, ili hesabu isisumbue. Mama Pélagie alikuwa amekuja pia. Alisimama kando mpaka mumewe alipoinuka na kujikung'uta.

"Walisema ulitoroka."

"Ningetorokea wapi?"

Pélagie akamtazama. Mumewe alikuwa bado kijana, yeye Pélagie alikuwa na mvi.

"Nguo zako nilizichoma, Papa Kalenga."

"Haina neno. Kule hakuna baridi."

"Unataka mawe ya namna gani?"

"Ya ncha ncha. Ya mviringo yanateleza."

Juma hilo Pélagie hakugonga mawe ya mtu mwingine. Mikono ilivimba, akaifunga kitambaa, akaendelea. Mzigo ulipofika, wafu wakachukua haki yao bila kuzidisha hata karai moja, na barabara ikakaa imara. Mkuu wa jimbo akapita juu yake kwa gari, akasema ni nyororo. Bwana Hippolyte alipandishwa cheo. Casimir alipewa barabara nyingine, ya upande wa hospitali, na kabla ya kuagiza chochote alingoja kwanza jioni moja, aone kama kuna mtu.

Mama Pélagie alikwenda biro ya kazi, ofisi ya kuandikisha vibarua, kuomba Kalenga aandikwe kuwa alikufa kazini, asiitwe tena mtoro. Karani alimsikiliza vizuri, akampa kiti.

"Inawezekana, mama," alisema. "Lakini mwenyewe aje kutia kidole kwenye karatasi."

Pélagie akapeleka habari. Kalenga akanawa uso ziwani, akafuta udongo mabegani, akaenda. Akakuta biro imefungwa. Hufungwa kabla jua halijazama, naye kabla halijazama hawezi kutoka ardhini.